Talaka na Shamba la Mikorosho: Wakili Anajibu Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mheshimiwa wakili, mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Tandahimba. Mume wangu, tuliyefunga naye ndoa ya Kiislamu, ameniandikia talaka na kunitaka nirudi kwetu mikono mitupu, kwa sababu shamba la mikorosho alilirithi kwa mjomba wake kabla ya kunioa, na fedha za korosho huingia katika akaunti yake. Je, kweli sina changu? Na je, ni lazima niwe na wakili?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Usikubali kwamba huna chako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja, ikiwemo mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, iwapo iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili katika kipindi cha ndoa. Kwa hiyo haitoshi mumeo kueleza mikorosho ilitoka kwa nani. Mahakama itataka kujua pia ni nani aliyeipalilia na kuipogolea, nani alibeba maji ya kuchanganyia dawa msimu wa kupulizia, na nani aliokota korosho hadi zikafika ghalani. Kazi za nyumbani nazo ni mchango, kama Mahakama ya Rufani ilivyoamua mwaka 1983 katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Hata hivyo, usitarajie nusu kwa nusu moja kwa moja, kwani mgawo hufuata mchango uliothibitishwa.

Kuhusu talaka, karatasi aliyokupa peke yake haiifungi mahakama. Shauri lenu lianzie kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), na usuluhishi ukishindikana mpewe hati ya kuthibitisha hivyo. Ombi la talaka lifunguliwe kabla hati hiyo haijapitisha miezi 6. Inasikitisha kuona mama ameuza kuku wake kupata nauli ya kwenda mahakamani, kisha shauri likaondolewa kwa kukosa hati hii.

Wakili si lazima, maana Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza shauri hili nawe ukajieleza mwenyewe. Faida kubwa ya wakili ni maandalizi: kupanga mashahidi, hasa majirani wa shambani na vibarua mliowalipa, na kukusanya stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika za misimu iliyopita. Kama huna uwezo wa kumlipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa ushauri bila malipo, ingawa hawawezi kukuwakilisha mahakamani.

SWALI: Nimeishi Lindi na mwanamume kwa miaka mitano bila kufunga ndoa. Sasa ananifukuza. Je, nina haki?

JIBU: Unayo. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na jamii ikawajua kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikipinguliwa, bado unaweza kuomba matunzo yako na ya watoto. Anza kwa kumwomba mwenyekiti wa mtaa barua inayoeleza tangu lini aliwatambua kama mke na mume.