Acha dirisha kuukuu likupangie kibanda

Kibanda changu cha kwanza cha bustani nilikichora vizuri kwenye karatasi, kisha nikaanza kuwinda madirisha kuukuu yenye vipimo vya mchoro. Sikuyapata. Madirisha ya nyumba za zamani mara nyingi yalitengenezwa moja moja kwa mkono, hata mawili ya ukuta mmoja yanaweza kupishana kwa sentimita mbili. Nikakata fremu nzuri ili zitii karatasi yangu, na fremu ikishakatwa penye kiungo, hulegea yote.

Siku hizi nakusanya kwanza madirisha, milango na mbao kuukuu, ndipo nipange kibanda. Nalaza kila kitu chini uani, nasogeza huku na huko, napanda juu ya kiti nitazame, mpaka ukuta ujitokeze wenyewe. Kipande kikubwa kuliko vyote, aghalabu mlango, ndicho kinachoamua kimo. Mapengo nayaziba kwa mbao. Mbao ndizo hukatwa, dirisha haliguswi.

Mlango nao uulize ulitoka wapi. Wa chumbani haujawahi kuonja mvua, utavimba na kupasuka ukiuweka nje bila paa la kuukinga. Wangu niliuchimbia ardhini kama nguzo (naam, nilifanya hivyo), ukaoza kuanzia chini. Sasa kila nguzo ya mbao naiweka juu ya jiwe, usiguse udongo.

Vioo vya zamani ni vyembamba na vikivunjika hutoa ncha kama visu. Kwangu hukaa ukutani, kamwe si kwenye paa.

Rangi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani mwaka 1978, kwa hiyo mbao ya kabla ya hapo naihesabu kuwa na sumu mpaka ipimwe. Usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe, vaa barakoa inayozuia vumbi laini, tandika turubai chini, na mboga zikae mbali.

Matofali yaliyojengewa chokaa hubanduka kwa kugongwa kidogo. Ya saruji huvunjika yenyewe kabla saruji haijaachia, nami nimeacha kuhangaika nayo. Ligonge tofali: likilia kama chungu kizima, lichukue.

Na bawaba usizitupe. Skrubu ikigoma, kwanza chokoa rangi iliyojaa kwenye mfuo wake kwa ncha ya msumari, ndipo utie bisibisi.