Alichomwa sindano ya usingizi, ndipo gari likaondoka

SWALI: Shikamoo dada. Mwezi uliopita baba yangu mdogo alipata ajali ya bodaboda huku kwetu, akaumia kichwa. Akapewa rufaa ya Dar es Salaam. Alikuwa anarusha mikono, anang'oa dripu, anatukana kila mtu. Daktari akamchoma sindano ya usingizi, akamwekea mpira kooni, ndipo gari la wagonjwa likaondoka. Shangazi anasema sindano ile ndiyo inayomsahaulisha mambo mpaka leo. Si wangemfunga tu mikono? Na mbona shangazi alikatazwa kumpa hata maji njiani?
Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na poleni sana. Kazi yangu ni kutoa dawa za usingizi hospitalini, na wagonjwa wa rufaa nimewasindikiza sana kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo mteremko wa Kitonga na matuta ya Mikumi nayajua kwa mgongo wangu.

Kumfunga lingekuwa kosa. Mtu aliyeumia kichwa akipambana na kamba, presha yake hupanda, na ndani ya fuvu pia, ambako ubongo uliovimba tayari umebanwa. Akitapika huku amefungwa chali, matapishi yanaingia kwenye mapafu.

Ila kabla ya sindano lazima mtu aulize: kwa nini anahangaika? Mimi huanza na oksijeni, halafu sukari, halafu maumivu, halafu kibofu. Usicheke. Nimeona mwanaume mzima akishikwa na watu wanne, kumbe mpira wa mkojo umekunjika. Ulipokunjuliwa akatulia mwenyewe. Ukimlaza usingizi mtu ambaye sukari yake imeshuka, umemtuliza na umeuficha ugonjwa.

Dawa aliyopewa huijataja. Hospitali zetu nyingi hutumia ketamini, nami naipenda kwa safari, kwa kuwa mara nyingi haishushi presha wala kukata pumzi kama propofoli, dawa nyingine ya usingizi, inavyoweza kufanya. Zamani tulifundishwa kuiogopa kwa majeruhi wa kichwa. Tafiti za baadaye zimeipunguza sana hofu hiyo. Tatizo lake barabarani ni kwamba dozi moja ya mshipa haifiki mbali, dakika 10 hadi 20 hivi. Kwa hiyo anayesindikiza abebe ya kutosha, mabomba ya sindano yawe yameandikwa majina ya dawa kabla gari halijawashwa, na awe anajua kuitumia. Tena wengine huchomwa dawa ya kulegeza misuli ili wasishindane na mashine ya kupumulia. Dawa hiyo hailazi. Ya usingizi ikiisha kwanza, mgonjwa anasikia kila kitu na hawezi kupepesa hata kope. Mapigo yakipanda ghafla na machozi yakatoka pembeni ya jicho, mimi naongeza usingizi kwanza, maswali baadaye.

Mpira wa kooni ulikuwa wa kulinda njia ya hewa. Aliyelala hivyo hawezi kujikohoza, na ndiyo maana shangazi alikatazwa kumpa maji: yangeweza kwenda kwenye mapafu.

Ninachokigombania mimi kila safari ni oksijeni. Mtungi wenye lita 680, mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, unaisha kwa dakika 68. Safari ya saa nane inataka lita 4,800, yaani mitungi saba haitoshi, unahitaji minane, na bado hujaweka akiba ya foleni ya Kibaha. Hesabu hiyo ifanyike hospitalini, siyo Ruaha Mbuyuni. Na kuwe na mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono, pamoja na mtu ambaye macho yake hayatoki kwenye kifua cha mgonjwa. Muuguzi mmoja anayelala kwa uchovu hatoshi, hata dawa iwe nzuri namna gani.

Sasa kusahau. Dawa za safari zilishatoka mwilini siku nyingi. Ketamini huleta ndoto za ajabu wakati wa kuamka, si mwezi mzima baadaye. Kinachomsahaulisha kuna uwezekano mkubwa ni jeraha lenyewe la kichwa. Mrudisheni kliniki, mwambieni daktari hivyohivyo. Akianza kuumwa kichwa kunakozidi, kutapika, kusinzia mchana au mguu mmoja kulegea, msisubiri tarehe ya kliniki: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, maana damu huweza kuvia taratibu kichwani wiki kadhaa baada ya ajali.