"Sheha, nyamaza!"

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mnyama au ndege uliyemfuga nyumbani aliwahi kukushinda tabia? Ulifanyaje?" Swali limenikuta na kovu kidoleni. Nadhani wengi watawaandikia habari za paka. Wangu mimi ni ndege, kokateli, yaani kasuku mdogo, wa kijivu mwenye mashavu ya rangi ya chungwa. Uzito wake kama gramu 90 tu, lakini sauti yake imewahi kutugombanisha na nyumba nzima.

Tunaishi Muscat, fleti ya ghorofa ya tatu. Mjomba wake mwanangu ndiye aliyemleta, tukampa jina la Sheha, kama kiongozi wa mtaa kule Unguja, kwa kile kishungi chake kilichosimama kama kilemba. Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Kisha likaanza balaa. Nikitoka tu sebuleni kwenda jikoni, Sheha anapiga ukelele mmoja mkali, wa pili, wa kumi, mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Mume wangu anamjibu kutoka kwenye kochi: "Sheha, nyamaza!" Mwanangu anakimbilia tunduni kumbembeleza. Mimi narudi na mwiko mkononi nimfunike kitambaa. Watu watatu tumemkusanyikia, naye katikati amepata baraza.

Nilianza kwa kumpeleka kwa daktari, na hilo namhimiza kila mfugaji. Ndege huficha ugonjwa, na tabia ikibadilika ghafla huenda ni maumivu. Daktari alimpima, akaona mzima, kisha akauliza swali moja: "Akinyamaza, huwa mnamfanyia nini?" Tukatazamana. Akinyamaza tulikuwa tunamshukuru Mungu na kila mtu anajiendea zake.

Basi hapo ndipo nilipoelewa. Kwao kokateli ni Australia, kwenye nchi kavu ya ndani, ambako hutembea makundi wakifuata maji na mbegu za nyasi. Aliyepotezana na wenzake huita, nao humwitikia, kwani anayebaki peke yake ni kitoweo cha mwewe. Kwa Sheha kundi ndiyo sisi, na mimi nikiingia jikoni nimeshapotea. Anaita. Tukimfokea, kwa hesabu yake tumeitikia. Ile kelele tulimfundisha wenyewe, na malipo tukampa.

Tukakubaliana hivi. Nikitoka chumbani napiga mbinja fupi ya sauti mbili kabla hajaanza yeye. Akiitikia kwa mbinja, namjibu. Akipiga ukelele, hakuna wa kumtazama, hata kwa jicho la pembeni. Akikaa kimya akichezea kamba zake, ndipo mtu anakwenda na punje chache za uwele.

Wiki ya kwanza nilitaka kumgawa. Alizidisha! Mtu aliyezoea kubisha hodi akafunguliwa, siku mlango usipofunguka hubisha kwa nguvu zaidi. Siku ya nne mume wangu akashindwa: "Sheha, basi tena!" Tukarudi nyuma kuliko tulikoanzia, maana sasa ndege alijua kwamba akivumilia siku nne hupata anachotaka. Tukaanza upya. Ilituchukua kama wiki tatu hivi, ndipo mbinja ikashinda. Bado hupiga kelele alfajiri na magharibi, kama ndege wengi, na hizo namwachia.

Kovu nalo lina habari yake. Kishungi cha kokateli hakifichi kitu. Kikisimama wima, ameshtuka au anachunguza jambo. Kikiegemea nyuma kidogo, ametulia. Kikilala bapa juu ya kichwa, naye anafoka kama nyoka, weka mkono wako mbali. Mimi sikuweka. Baadaye nikagundua kwamba kila aliponing'ata tulikuwa karibu na kioo kidogo tulichomtundikia tunduni ili asione upweke. Sheha alikuwa amemwoa yule wa kwenye kioo! Alimwimbia, akamtapikia chakula kama anayemlisha mpenzi wake, na mimi nikawa mgoni. Kioo nikakiondoa, nikampa makaratasi ya kuchana. Usingizi wake pia nikaurekebisha: muda wa saa kumi na moja gizani kila usiku, kwa sababu mwanga wa siku ndefu huwachochea kutaka kuzaliana, na sisi tulikuwa tunakesha na televisheni. Uchokozi ulipungua sana.

Kuna pia vitisho vya usiku, maana kokateli hushtuka gizani kwa kivuli au mlio kidogo tu, akapigapiga mbawa tunduni hadi kuumia. Usiingize mkono. Washa taa, sema naye polepole. Siku hizi tunamwachia taa ndogo ya kuchomeka ukutani, imetosha.

Na kwa wenzangu wa Unguja na huku Oman, chetezo kiwe mbali na tundu. Mapafu ya ndege hayawezi moshi wa udi, achilia mbali mvuke wa kikaango kisichogandisha chakula (nonstick) kilichopata moto kupita kiasi, ambao humuua kwa dakika. Mimi nafukizia chumbani, mlango umefungwa, na Sheha yuko upande wa pili wa nyumba.

Limebaki tatizo moja, nalo si la ndege. Mama mkwe amekuja kututembelea, na kwake kupiga mbinja ndani ya nyumba usiku ni kuita nyoka na wasio nyoka. Kwa hiyo baada ya magharibi nikienda jikoni namgongea Sheha ulimi badala ya mbinja. Ameshaushika. Juzi mama alikuwa anasali Isha, nyuma yake akasikia ta, ta. Alipotoa salamu akageuka kunitazama mimi.