Kwa nini hapo? Kwa mnaoanza kuchambua riwaya kidato cha tano

Nilipokuwa kidato cha tano tuliulizwa swali kuhusu mandhari ya *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Nikajibu kwa sentensi tatu: kwamba mandhari ni kisiwa cha Ukerewe, shuleni na chuoni, kwamba mwandishi ameyatumia vizuri, kwamba yanasawiri maisha halisi. Mwalimu aliniandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Kwa nini hapo?" Hakuongeza neno. Leo nafundisha somo lile lile, na kila wanapoingia wanafunzi wapya wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) nakutana na sentensi zangu zile tatu, zimeandikwa kwa mwandiko wa watu wengine.

Wadogo zangu, tatizo linaanzia namna tunavyopanga daftari. Vipengele vya fani, yaani namna kazi ilivyojengwa, vinakaa kila kimoja na ukurasa wake: muundo huku, mandhari kule, wahusika mbele zaidi. Kwa kukariri, mpangilio huo unasaidia. Kwa kuelewa, unaumiza, maana ndani ya riwaya vitu hivyo havijawahi kutengana. Mahali ndipo panapoamua tukio gani liwezekane na lipi lishindikane.

Turudi kwa Rosa. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na riwaya hiyo iliyotoka mwaka 1971 anaianzishia pale pale kijijini kwao. Zakaria, baba yake Rosa, anamlinda binti kwa ukali, na barua kutoka kwa mvulana inatosha kumletea kipigo. Sasa tazama kisiwa. Kijijini kila mtu anamjua binti wa nani ni yupi. Hakuna njia ambayo Rosa atapita asionekane. Ukali wa Zakaria unafanya kazi kwa sababu kijiji kizima ni macho yake. Kisha Rosa anavuka ziwa kwenda kusoma, na baadaye anafika mbali zaidi, chuo cha ualimu Morogoro. Macho ya baba yanaishia ufukweni. Binti aliyelindwa maisha yake yote anajikuta mahali ambapo hakuna wa kumlinda, na kujilinda mwenyewe hakufundishwa.

Umeona kilichotokea? Nimeeleza mandhari na papo hapo msuko, yaani mfuatano wa matukio, umejieleza. Kila anapozidi kuwa mbali na Namagondo ndivyo anavyozidi kuanguka. Jaribu kumhamishia Rosa kwenye mtaa wa mjini ambako wapangaji hawajuani majina: kipigo kinaweza kubaki, lakini lile ziwa la kuvuka halipo, na safari yote inapoteza uzito. Hilo ndilo jaribio ninalowapa wanafunzi wangu. Hamisha kisa, halafu tazama nini kimevunjika. Kilichovunjika ndicho cha kuandika kwenye mtihani.

Wengine huniuliza, je, kama mahali penyewe hapapo duniani? *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, inatokea katika nchi iliyo angani. Mwanafunzi anaandika "mandhari ya kubuni" anapita. Asipite! Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza wakati huo, na wahakiki wengi wanaisoma nchi hiyo ya angani kama pazia la kusemea yasiyosemeka waziwazi juu ya utawala. Halafu ndani ya nchi hiyo kuna mahali padogo zaidi ambapo wengi hawapataji: baraza la hukumu. Karama anashtakiwa, anasimama kujitetea, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa sehemu mbalimbali wakarudi na mambo ya manufaa, wakaishia kifungoni. Kwa nini riwaya hii imekaa kama visa vilivyofungwa ndani ya kisa kimoja? Kwa sababu mshtakiwa hana silaha ila maneno, na baraza ndilo mahali pekee ambapo watawala wanalazimika kumsikiliza. Muundo umezaliwa na ukumbi.

Kuhusu majina ya miundo (msago, yaani wa moja kwa moja; rejea, yaani wa kurudi nyuma; na mengineyo) sitakaa sana. Yajue, yataje, uendelee. Mtahini anayekuuliza muundo anataka kujua kwa nini mwandishi amekurudisha nyuma pale aliporudi nyuma, na umefichwa au umefunuliwa nini kwa kufanya hivyo.

Unaposoma mara ya kwanza, kaa na penseli. Mwanzo wa kila sura andika pembeni: wapi, lini, nani hawezi kutoka hapa. Swali hilo la tatu ndilo lililonifaa kuliko yote. Na vitabu vya uchambuzi vinavyouzwa mitaani viweke kando hadi umalize riwaya yenyewe, kwa sababu vinakupa jibu kabla hujawa na swali.

Walio na hamu ya kuandika hadithi zao, nanyi nina neno. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea hadithi ya msichana aliyeibiwa ada "mjini". Iliandikwa kwa Kiswahili safi, lakini haikwenda popote: aliibiwa, akalia, akasaidiwa na msamaria. Nikamuuliza, mjini wapi, saa ngapi? Akafikiri, akasema kwenye kivuko, Magogoni, Dar es Salaam, asubuhi. Nikamwambia aende akaandike upya kutokea hapo.

Aliporudi baada ya wiki, msichana alikuwa ameshapanda pantoni, limeshaondoka, ndipo anapopapasa begi na kukuta zipu iko wazi. Anainua macho. Kijana aliyekuwa akisukumana naye kwenye foleni amebaki nchi kavu, anazidi kuwa mdogo kadiri maji yanavyoongezeka kati yao. Kupiga kelele hakusaidii, kushuka hawezi. Mbele yake ni Kigamboni, anakoishi shangazi ambaye aligombana na mama yake na ambaye hajasalimiwa miaka minne. Hana nauli ya kurudi.

Msamaria alikuwa ametoweka kwenye hadithi bila mimi kumgusa. Nilipomuuliza amempeleka wapi, alinijibu, "Mwalimu, kwenye pantoni hakupata nafasi. Ilibidi aende kwa shangazi."