Akafikiri, akawaza, akajiona: Rehema yuko wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naandika hadithi fupi, na kuna mahali niliandika hivi: "Rehema alifumba macho, akafikiri yuko kando ya bahari." Mhariri aliyenisomea akalipigia mstari neno "akafikiri" na kuandika pembeni: "Kwani amerukwa na akili?" Nilipomuuliza, akaniambia nijifunze kutofautisha kufikiri na kuwaza, basi, akaishia hapo. Mimi nilidhani ni kitu kimoja. Tofauti yake nini, na ningeandikaje?

Jibu: Marahaba. Mhariri wako hakukuonea, ila dawa aliyokuandikia haikutoshi.

Sentensi yako, kama ilivyo, inasema Rehema anaamini kabisa kwamba yuko kando ya bahari. Kufikiri kukifuatwa na sentensi nzima, iwe na "kwamba" au isiwe nayo, kunamfunga mtu na hilo analolisema: kwake ndivyo mambo yalivyo. Ndiyo maana mhariri akaingiwa na wasiwasi. Rehema yuko chumbani, msomaji anajua yuko chumbani, na wewe unatuambia yeye mwenyewe anaona yuko ufukweni.

Jaribu hivi. Mmekaa sebuleni, mmoja wenu ananusa hewa na kusema, "Nafikiri nyumba inaungua." Watu watainuka. Mwingine atakimbilia maji, mwingine atatafuta watoto, na huenda akatokea wa kusema, "Umekosea, huo ni moshi wa jirani anayechoma takataka." Sasa mtu yule yule aseme, "Hebu fikiria nyumba inaungua." Hakuna atakayeinuka. Watamtazama wakisubiri kipande kilichobaki, pengine swali: ungeokoa nini kwanza? Wala hakuna atakayemjibu "umekosea", maana hakudai lolote. Nyumba ni ile ile na moto ni ule ule, lakini wa kwanza ametoa habari, wa pili ametualika tutazame kitu ambacho sote tunajua hakipo.

Mpaka wenyewe ni huo. Fikra inaweza kuwa ya kweli au ya uongo. Picha ya akilini haina kweli wala uongo; inaweza kuwa hafifu, au ya kutisha, au imekosa rangi, lakini haikosei mpaka mwenye nayo aisadiki.

Tabu ni kwamba Kiswahili hakikutenga kitenzi kimoja kwa ajili ya kuona kwa jicho la ndani. Watafsiri wanalijua hilo vizuri, wanalikuta karibu kila ukurasa. Tuna kufikiria, kuwaza, kuvuta picha, kujenga taswira, kujiona, na kila kimoja kina kazi nyingine kinazozifanya mchana. Anayetegemea kitenzi peke yake atapotea. Tazama kilichokizunguka.

Tuanze na kufikiri na kufikiria, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kufikiri tumekipata kwa Kiarabu, kwenye mzizi wa f-k-r, ule ule uliotupa fikra na tafakari. Hivyo kutafakari ni ndugu yake wa tumbo moja, ila mpole zaidi na asiye na haraka. Tukakipa kitenzi hicho kauli yetu ya kutendea, kikawa kufikiria, na kiambishi hicho kidogo kikabadilisha mengi. Kufikiri husimama chenyewe ("ngoja nifikiri") au hubeba sentensi ("nafikiri atakuja"). Kufikiria hudai kitu cha kukishika: unamfikiria mtu, unalifikiria jambo, unafikiria kuhama. Ukisema "nafikiri atakuja", umetoa kauli yako. Ukisema "nafikiria atakavyokuja", tayari unamwona njiani, pengine hata na viatu alivyovaa. Siku hizi wengi husema "nafikiria atakuja" wakikusudia ile maana ya kwanza. Wanaeleweka, na sitaki ugomvi nao, lakini kwenye maandishi mimi huifuta hiyo "a".

Kisha kuna "nifikirie". Mfanyakazi anapomwambia mkubwa wake, "Naomba unifikirie," haombi achorwe picha wala achunguzwe kwa mantiki. Anaomba akumbukwe kwa huruma. Maana hii haimo katika kufikiri hata chembe; "unifikiri" haisemeki.

Neno "hebu" nalo lisikupite hivi hivi. "Hebu fikiria" ni mlango wa vyumba vitatu. Inaweza kuwa wito wa kupima jambo: "Hebu fikiria kabla hujajibu." Inaweza kuwa mshangao tu: "Hebu fikiria, mtu mzima kufanya vile!" Na inaweza kuwa mwaliko wa picha, kama ile nyumba yetu inayoungua. Utaujua ni upi kwa kinachofuata. Zikija -nge- na -ngali-, au wakati uliopo kwa jambo ambalo wote mnajua halipo, mko kwenye picha. Ukitaka kuziba mianya yote, sema "vuta picha", "chukulia kwamba" au "tuseme". Hizo mbili za mwisho ni kavu kidogo, zinafaa zaidi kwenye hesabu na mabishano ya hoja. Kumwambia mpenzi "chukulia kwamba tuko ufukweni" ni kumwandalia mtihani.

Sasa kuwaza, ambacho mhariri wako alikupa kama tiba. Kufikiri kuna mwendo wa kwenda mahali, una swali na unatafuta jibu. Kuwaza kunazurura. Linganisha maswali mawili. "Unafikiri nini?" ni kuomba rai, sawa na "waonaje?" Lakini mtu aliyekaa kimya, shavu kiganjani, macho dirishani, huulizwa "Unawaza nini?", na jibu lake mara nyingi ni "hakuna kitu". Hadanganyi sana. Alikuwa anapita kwenye mambo, hajasimama popote. Kwa sababu hiyo pia mawazo yakawa jina la dhiki: tukisema "fulani ana mawazo", bila kuongeza neno, tunamwonea huruma. Ukisema "ana fikra", msikilizaji atasubiri umalizie: fikra gani, pevu au finyu? Wenyewe husema pia "kuwaza na kuwazua", na sikio langu katika hiyo -ua husikia kile kitendo cha kufunga na kufungua, mtu analifunga wazo kisha analifungua tena, usiku kucha.

Kwa hiyo "akawaza yuko kando ya bahari" ni nafuu. Haimtii Rehema wazimu. Lakini haijamfikisha ufukweni pia. Imemwacha katikati, na anayesoma anaweza kumpa huzuni ambayo hukuikusudia.

Kuhusu kudhani sina mengi, kwa sababu wewe mwenyewe umekitumia sawasawa bila kufundishwa: "Mimi nilidhani ni kitu kimoja." Ukitumia kitenzi hiki kwa wakati uliopita, msikilizaji anajua bila kuambiwa kwamba baadaye uligundua sivyo. Umdhaniaye ndiye kumbe siye. "Nilifikiri" nayo hutumika hapo, ila haitoi sauti ile ya mtu aliyejikwaa. Kudhani ni kuamini bila kushika ushahidi; hakuna picha yoyote ndani yake. Ukitaka kusikia jinsi maneno haya yasivyobadilishana, chukua ule msemo maarufu wa mwanafalsafa René Descartes: "Nafikiri, kwa hiyo nipo." Weka "nadhani", na mtu huyo hana hakika hata kama yupo. Weka "nawaza", utamsikia mtu aliyekosa usingizi.

Na kwa kuwa tumemtaja, Descartes huyo huyo, katika tafakuri yake ya sita iliyochapishwa mwaka 1641, alitoa mfano ambao sijapata mwingine wa kuushinda. Ukitajiwa pembetatu, unaelewa ni umbo la pande tatu, na papo hapo unaiona. Ukitajiwa umbo la pande elfu moja, unaelewa vilevile kwamba lina pande elfu, lakini huzioni. Kinachokujia ni kitu cha duaraduara chenye vipande vingi, na ungetajiwa pande elfu kumi kingekujia hicho hicho. Hata hivyo muulize mwanafunzi wa hesabu jumla ya pembe za ndani za umbo hilo la pande elfu: atatoa mbili kwenye 1,000, atazidisha kwa 180, atakwambia nyuzi 179,640, na atakuwa sahihi bila kuliona umbo lenyewe. Hapo amefikiri. Hakuvuta picha yoyote. Tena wapo watu ambao hata pembetatu haiwajii akilini. Mwaka 2015 daktari wa mishipa ya fahamu Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina, afantasia. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "vuta picha" umemwomba asichonacho. Mwambie "fikiri", na huenda akakuacha mbali.

Upande wa pili wa mpaka ule yuko Alinacha, yule ambaye ndoto zake zimebaki kwenye lugha yetu. Ni masimulizi ya Alfu Lela Ulela: kapu la vyombo vya kioo liko mbele yake, mnunuzi hajaja, naye anawaza faida, kisha faida ya faida, mpaka akajiona ameoa binti wa waziri. Akajiona anamdengulia. Akajiona anampiga teke. Mguu ukatoka kweli, vyombo vyote vikavunjika. Katika watu wa sebuleni kwetu, Alinacha ndiye pekee aliyekimbilia maji kwa moto wa "hebu fikiria".

Uone kitenzi kilivyobadilika humo: alianza kwa kuwaza, akaishia kujiona. Hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta. "Rehema alifumba macho, akajiona yuko kando ya bahari." Hakuna atakayeuliza kama ana akili timamu. Angalia tu usikikate mkia, kwa maana "Rehema anajiona", bila nyongeza, ni kumsema kwa majivuno.

Majina nayataja kwa kupita. Picha moja ya akilini ni taswira, neno lililotoka mzizi mmoja na sura. Uwezo wa kuzitunga ni ubunifu. Kitu kisichopatikana ila akilini ni cha kufikirika, kama ikweta ya vitabu vya jiografia, mstari ambao hakuna aliyewahi kujikwaa juu yake. Lakini ukikikanusha, "haifikiriki", umerudi kwenye mshangao: jambo limezidi kiasi cha kuaminika.

Ningekuwa mimi, hata "akajiona" ningeijaribu kuiondoa. Kufikiri tunakufanya, picha hutujia zenyewe. Kwa hiyo: "Rehema alifumba macho. Bahari ikamjia." Mpelekee mhariri hiyo, uone ataandika nini pembeni.