Nafundisha, nachora ramani, na utafiti unanidai: warsha ya udongo itanisaidia nini?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msanifu majengo, nafundisha chuo kimoja hapa Dar na jioni nina kaofisi ka ramani na mwenzangu pale Sinza. Asubuhi niko darasani, mchana fundi ananipigia toka saiti Kigamboni anauliza dirisha la jikoni alipandishe kiasi gani, usiku nasahihisha kazi za wanafunzi mpaka macho yanawasha. Utafiti ndo kabisaa, na bila machapisho sipandi daraja, mwaka wa nne huu nipo palepale. Sasa chuo kimetangaza warsha ya Jumamosi, eti tutatumia udongo, vipande vya vitenge na kamba kuongelea jinsi ya kubalansi kufundisha, kazi ya taaluma na utafiti. Kusema kweli nimeona kama mambo ya chekechea. Niende au nipumzike na wanangu?
Mwalimu, Ubungo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nenda. Ila usiende ukitegemea kurudi na ratiba mpya, maana hizo ratiba za kukata wiki mafungu matatu tumeshazichora wote na huwa hazifiki Jumatano.

Nimeendesha warsha za hivi na walimu wenzangu, ngoja nikupe moja. Alikuja mwalimu wa uuguzi, mtu mzima, amenuna kama wewe unavyonuna sasa hivi. Tukampa maboksi ya viberiti, vizibo vya soda, udongo na kamba nyekundu, nikamwambia asijenge kazi anayoitamani, ajenge wiki iliyopita. Akapanga wodi, viberiti sita ndo vitanda, vizibo ndo wanafunzi wake wamezunguka kitanda kimoja, na utafiti akaufinyanga kibonge kidogo akakiweka chini ya kiti, mbali huko. Jirani yake akamuuliza tu, hii kamba inayotoka kitandani inaishia wapi? Akanyamaza muda mrefu alafu akasema, inaishia kwenye daftari. Kumbe kila zamu yeye na wanafunzi wake wanaandika mama akishajifungua anakaa muda gani mpaka apimwe presha mara ya kwanza, miaka miwili wanaandika, na hajawahi hata siku moja kuliita jambo hilo utafiti. Akainama akakitoa kile kibonge chini ya kiti akakiweka juu ya viberiti. Machozi yalimlenga, na mimi pia.

(Baada ya pale ilibidi aombe kibali ndo aanze upya kukusanya, taarifa za wagonjwa huwezi kuzichukua tu kwa sababu ziko kwenye daftari lako. Lakini swali tayari alikuwa nalo.)

Ndo maana naipenda kazi hii ya mikono. Ukiulizwa kwa mdomo utafiti wako unaendaje, unajibu kama unavyojibu kwenye kikao, mikono ikitangulia inaweka kitu mahali ambapo hukupanga kukisema. Na kuna sharti moja msilivunje: aliyejenga ndo anaanza kuelezea, wengine wanauliza kuhusu kitu kilichopo mezani, sio kuhusu yeye. Uliza kamba, usiulize kwanini mwenzako hajaandika. LEGO wa Denmark, wale wa vitofali vya plastiki vya watoto kuchezea, walibuni mbinu ya kutumia vitofali hivyo kwa watu wazima miaka ya 1990 na kuna walimu wa vyuo Uingereza wanaitumia sana, ila seti zake ni ghali na sisi hatuzihitaji, fundi cherehani yeyote wa mtaani kwako anavyo vipande vya kitenge chini ya meza.

Na usidhani ni mambo ya kuletewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walienda Malya huko Kwimba wakakaa na wanakijiji, wakatafuta pamoja matatizo yao, wakayageuza ngoma na maigizo na kuyajadili palepale uwanjani. Sasa niambie, ile ilikuwa kufundisha, kazi ya sanaa, au utafiti? Ilikuwa vyote, na mwaka 1991 Mlama akatoa kitabu kuhusu kazi za namna hiyo.

Tuje kwako. Wewe una nyumba Kigamboni zimesimama, watu wanalala ndani yake. Joto la Dar unalijua, na wateja wanavyotaka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata ukifungua yote upepo unapita nusu tu, unalijua hilo pia. Je vyumba ulivyochora vinapoa usiku au havipoi? Omba ruhusa kwa wenye nyumba, wape wanafunzi vipimajoto, wapime chumba cha dirisha la kusukuma na chumba cha dirisha la kufunguka lote, wiki kadhaa, kiangazi na masika. Darasa umefundisha, ofisi yako imejifunza, na data unayo. Andika wazi kwamba nyumba ulichora wewe mwenyewe ili msomaji apime, na waliopima uwatambue kwenye andiko, ukiwaruka hao umewaibia.

Kitu kimoja nisikufiche: udongo haupunguzi idadi ya wanafunzi. Kama mzigo wako umezidi umezidi tu, na hapo sio wewe umeshindwa kujipanga. Piga picha ulichojenga, nenda nacho kwa mkuu wako wa idara, muonyeshe utafiti umekaa wapi mezani alafu omba kitu kinachoshikika, mfano siku moja kwa wiki isiyo na kipindi.

SWALI: Mimi ni mkuu wa idara, tunaandaa warsha kama hiyo kwa watu kumi na wawili. Na mimi nikae nijenge nao?
Msomaji, Tabata

JIBU: Mzunguko wa kwanza usiingie kaka. Bosi akiwepo kila mtu anajenga daraja zuri na bendera juu. Waache masaa mawili wenyewe, wao waamue nini wakuonyeshe, na picha zisipigwe bila ruhusa ya aliyejenga. Ukiitwa ndani, anza kwa kujenga wiki yako wewe, mbele yao.