Matunzo baada ya talaka: kodi inaingiaje?

Dada wa Kasulu, umeuliza kama mzee, yaani mume mliyeachana, akiamriwa kukupa matunzo, nawe utakatwa kodi kama ndugu yako wa Marekani alivyokwambia. Pole kwa yaliyokukuta. Hiyo ya Marekani ni habari ya zamani. Kule, kwa talaka zilizokamilika kuanzia 2019, mtoaji hapunguziwi kodi wala mpokeaji hatozwi.

Kwetu Tanzania, anayelipa hapati nafuu ya kodi kwa sababu ya matunzo. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inakatwa kwanza, matunzo yanatoka kwenye kinachobaki. Mahakama inaangalia uwezo wake na mahitaji yako, hivyo mshahara ghafi usikudanganye. Chukua mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa shilingi milioni 1.2 kwa mwezi: PSSSF, mfuko wa hifadhi wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 60,000, inabaki 1,140,000 ya kutozwa kodi, na PAYE yake ni 170,000. Hapo ana 970,000, kabla ya bima ya afya na bodi ya mikopo ya wanafunzi kama anadaiwa.

Omba slipu yake ya mshahara, tena ya miezi kadhaa. Soma makato moja moja. Kodi na mfuko wa hifadhi hana hiari navyo, lakini mkopo wa benki aliouchukua juzi, kesi ikinukia, huo mwoneshe hakimu. Wanawake wengi wanapunjwa hapo, na inauma.

Matunzo ya watoto dai kivyake, usiyachanganye na yako. Yako yanakoma ukiolewa tena, ya watoto hapana.